Mfuko wa chaki wa kwanza: wa kiunoni mdogo, mkubwa, au ndoo ya chini?

jiwe_la_nne

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwenye hili. Nina miezi mitano sasa napanda, siku mbili kwa wiki kwenye ukuta wa ndani na tukipata nafasi tunatoka kwenda kwenye miamba yenyewe. Muda wote huu nimekuwa naazima mfuko wa chaki wa jimu, yani wa ule unga tunaopaka viganjani visiteleze kwa jasho. Viatu nimeshanunua, hanesi (ile mikanda ya kiunoni na mapajani ya kufungia kamba) ninayo, imebaki hii kitu tu na nilidhani ndio itakuwa rahisi kuliko vyote mpaka nilipoanza kuangalia, kuna vidogo kama kikombe, kuna vikubwa vya kuweka chini kama ndoo, vingine vina zipu na vijimfuko pembeni, vingine vinafungwa kwa kamba vingine kwa sumaku, na kila ninayemuuliza ananijibu "chukua wowote, ni mfuko tu".

Mimi siamini kwamba ni mfuko tu. Kuna siku nilikuwa juu karibu namalizia njia, nimeshikilia kwa mkono wa kushoto peke yake, wa kulia naupeleka nyuma kuchukua chaki hauingii, mdomo wa ule mfuko wa kuazima umejikunja umelala kama soksi, nikapapasa nikapapasa mpaka kushoto kukaisha nguvu nikaanguka. Kamba ilinishika, mwenzangu alikuwa makini, hakuna kilichoharibika. Lakini ile njia nilikuwa naiweza kabisa na iliniuma siku nzima.

Hali yangu iko hivi: napanda kwa kamba na pia napanda majabali mafupi yale ya bila kamba na godoro chini, karibu nusu kwa nusu. Viganja vyangu ni vikubwa na vinatoka jasho mno, yani hata nikiwa nimekaa namwangalia mwenzangu anapanda. Sasa nataka kujua mfuko wa ukubwa gani utanifaa, je ni lazima nichukue wa kiunoni na ndoo yote mawili, na huu mkanda unaokuja nao una umuhimu au naweza kuuning'iniza tu kwenye hanesi na karabina (kile kipete cha chuma cha kufungua na kufunga) kama ninavyoona wengi wanafanya? Na chaki yenyewe ya unga au ile ya kwenye kimpira cha kitambaa? Nitashukuru sana kwa anayejua.

---

kidole_kimoja

Mkuu umeuliza vizuri na hapo kwenye kuanguka umeshajijibu nusu. Kitu cha kwanza cha kuangalia kwenye mfuko wa chaki ni mdomo. Siyo rangi, siyo zipu, siyo jina lililoandikwa mbele. Mdomo. Mfuko mzuri una waya au ukanda mgumu wa plastiki umeshonewa kuzunguka ukingo ili ubaki wazi duara muda wote, hata ukiuminya kwa mkono ukiuachia unarudi. Huo ulioazima wewe bila shaka ule ukanda ulishavunjika ndani au haukuwepo kabisa.

Ukienda kununua fanya hivi, uvae kiunoni pale pale, uuvute uwe katikati ya mgongo, angalia mbele kama unaangalia ukuta, afu peleka mkono wa kulia nyuma uzamishe na utoe. Fanya mara kumi. Hamia kushoto mara kumi. Usigeuze shingo kuutafuta. Kama mkono unagonga ukingo hata mara mbili tatu basi huo siyo wako, maana hapo umesimama sakafuni umetulia, sasa ukiwa umening'inia kwenye vidole viwili miguu inatetemeka itakuwaje? Na kwa viganja vikubwa usikubali mfuko ambao vidole vinaingia mpaka kwenye vifundo tu afu vinakwama. Unataka kiganja chote kizame hadi karibu na kifundo cha mkono na kitoke bila kuuburuza mfuko wenyewe juu. Mingi ya kawaida mdomo wake una kama sentimita 10 hadi 13 hivi, kwa mkono mkubwa kaa upande wa juu wa hapo. Umbo nalo liangalie, kuna mifuko iliyochongoka kwenda chini kama pembe inapendeza machoni ila chini vidole vinabanana vyote vitano, chaki inashika ncha tu.

Cha pili ni kitambaa cha ndani. Kiwe laini cha manyoya mafupi, kama lile blanketi jepesi. Kazi yake ni kuishika chaki na kuitandaza, ukizungusha vidole kinakupaka pande zote badala ya kuchota bonge mahali pamoja. Mifuko isiyo na hicho kitambaa chaki yote inakaa chini kama mchanga na kila ukipinda inamwagika.

Kuhusu mkanda na karabina: vaa mkanda tafadhali. Mfuko wenye vitanzi viwili nyuma ukipitisha mkanda kwenye vyote viwili unatulia, mdomo unaangalia juu, na cha muhimu zaidi unaweza kuusogeza. Ukipanda kwenye ufa mpana ule ambao unajibana mgongo ukuta huu miguu ukuta wa pili, mfuko ukiwa mgongoni umekwisha, unausaga na jiwe na chaki yote inamwagika. Mwenye mkanda anauvuta tu unakuja ubavuni au mbele ya tumbo anaendelea. Mwenye karabina kwenye kitanzi cha nyuma cha hanesi hana pa kuupeleka. Pia karabina inauacha unapepesuka huku na huku, unaukuta leo umegeukia kushoto kesho kulia, ndio mwanzo wa kupapasa.

Unajua kwanini ninakuwa mkali kwenye hili, mwaka 2017 mpandaji Alex Honnold alipanda El Capitan kule Yosemite, Marekani, bila kamba, ukuta wa karibu mita 900, na vifaa vyake vilikuwa viatu na mfuko wa chaki. Vitu viwili. Mimi na wewe hatutafanya hivyo na sikushauri, ila inaonyesha kwamba mtu akipunguza vyote mpaka mwisho kabisa huu mfuko bado unabaki.

---

vumbi_jeupe

Nakubaliana na mkuu hapo juu kwenye mambo ya kamba, ila wewe umesema nusu ya muda uko kwenye majabali na hilo nataka nilisemee maana mimi huko ndiko ninakoishi.

Kwenye majabali toa mfuko kiunoni. Kabisa. Njia zenyewe ni fupi, unafanya miondoko sita au kumi umefika juu au umeanguka, huna muda wa kuchota chaki katikati isipokuwa zile njia ndefu zenye mahali pa kupumzika. Na huku unaanguka mara nyingi na mara nyingi unaangukia makalio kisha mgongo unabiringika kwenye godoro, sasa kama nyuma una mfuko una karabina ya chuma na brashi imechomekwa pembeni, hiyo brashi na hiyo karabina inakwenda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Nimeshawahi kuangukia mpini wa brashi, niliogopa kuinuka kwa dakika kadhaa, na mpaka leo nikiona mtu anapanda jabali na brashi mgongoni namwita ashuke kwanza. Ukiacha hilo la kuumia, ukianguka na mfuko wazi chaki yote inaruka, godoro linakuwa jeupe, na viatu vya anayefuata vinateleza kwa sababu soli za viatu vyetu hazipendi unga.

Kwa hiyo ndoo. Ni mfuko mpana wenye kitako kikubwa, shibiri moja hivi au zaidi, unakaa chini wenyewe bila kuanguka. Unaingiza mikono yote miwili kwa pamoja unapaka mpaka nyuma ya vidole mpaka kwenye vifundo, unapuliza kilichozidi unapanda. Cha kuangalia kwenye ndoo ni kitako, kikiwa chembamba au laini mno inalala ubavu kwenye majani na mteremko. Kufunga kwake nako, kuna zile za kukunja mdomo mara tatu afu unabana kwa bizimu, hizo ndizo zinazoziba vizuri zaidi kwa uzoefu wangu. Za sumaku zinafungwa haraka na zinapendeza kwa mtu anayepumzika muda mfupi mfupi, ila ukiitupa kwenye begi kichwa chini sumaku inaachia kidogo na utakuta nguo zako zote nyeupe. Ile ya kubandika na kubandua mimi sikuipenda kwa sababu unga unajaa kwenye meno yake na baada ya miezi haishiki tena.

Zile zipu na vijimfuko pembeni kwenye ndoo vina maana, unaweka plasta ya vidole, kipande cha msasa cha kulainisha sugu, funguo. Kwenye mfuko wa kiunoni kinyume chake, kila unachoongeza ni uzito unaocheza mgongoni.

Na ndoo usiiweke pembeni kabisa mwa godoro mahali utakapoangukia. Isogeze mbali. Kifundo cha mguu kikitua kwenye ukingo wa ndoo kinapinda.

---

mama_kamba

Jiwe_la_nne karibu kwenye mchezo mdogo wangu. Nataka kupinga kitu kimoja kidogo afu niongeze kingine ambacho naona watu wanakipita.

Napinga hili la kusema mfuko mkubwa ndio mzuri. Kwako sawa kwa sababu ya mikono yako, ila mtu mwingine mwenye mikono midogo akisoma hapa asikimbilie mkubwa. Mimi viganja vyangu ni vidogo, nilianza na mfuko mkubwa nikiamini nitakuwa na nafasi, kumbe mkono unazama mpaka chini kutafuta chaki ilipo na ninatoka na unga mpaka kwenye kiwiko. Nikahamia mdogo mwembamba, mwepesi, mkono ukiingia tu unakutana na chaki. Nimepanda nao njia ndefu za urefu wa kamba sita saba mfululizo na haujawahi kunipungukia. Ukubwa unaufuata mkono wako, basi.

Na usiujaze. Hili ni kwa wote. Watu wananunua mfuko wanamimina chaki mpaka juu, kila hatua unaona wingu. Theluthi moja inatosha, hata chini ya hapo ukiwa na kile kimpira ndani.

Sasa ninachotaka kuongeza ni usalama. Mkanda wa mfuko wa chaki SIYO sehemu ya hanesi. Ni utepe mwembamba na bizimu ya plastiki, kazi yake ni kubeba mfuko usiozidi uzito wa embe. Usifunge kamba humo, usijichomeke humo hata kwa sekunde moja ukiwa kituoni juu, usining'inize humo vifaa vizito. Vaa hanesi kwanza, kaza, kagua, afu mkanda wa chaki uje mwisho juu yake, na bizimu yake ipeleke ubavuni isiwe mbele pale penye fundo lako la kamba. Mwenzako anapokukagua kabla hujaondoka anatakiwa aone fundo na bizimu ya hanesi peke yake, asione bizimu mbili akachanganya ipi ni ipi. Nimeona mtu amechoka, giza linaingia, anapitisha kamba mahali pasipo, tukamwahi. Tangu siku hiyo hili nalisema kila nikipata nafasi na sitaacha.

Vile vile kile kitanzi cha nyuma cha hanesi ambacho wengi wanatundika mfuko, kwenye hanesi nyingi hakikutengenezwa kubeba mtu, ni cha kuvuta kamba ya pili au kutundika vitu. Soma maelezo ya hanesi yako.

Kuna kitu kingine mimi nafanya kwa njia ndefu za nje, badala ya ule utepe natumia kipande cha kamba nyembamba ya milimita 6, mita moja na nusu hivi, nimekiunganisha ncha zake mbili kwa fundo la mvuvi maradufu. Kinabeba mfuko kama kawaida ila siku likitokea la kutokea naweza kukivua nikafunga fundo la prusiki, lile linalobana likipata uzito, kwenye kamba kubwa nikapanda au kujizuia. Ni lazima uwe umejifunza kwanza chini kwa mtu anayejua, na kamba yenyewe uikague maana inasuguliwa kila siku. Kwa ukuta wa ndani haina haja.

---

jiwe_la_nne

Aisee asanteni sana, sikutegemea majibu ya aina hii. Dada mama_kamba hilo la bizimu mbili mbele sikuwahi hata kuliwaza na ndivyo nilivyokuwa navaa, fundo la kamba hapa na bizimu ya mfuko hapa hapa. Kuanzia kesho inahamia ubavuni.

Vumbi_jeupe na wewe umenitisha kwa brashi. Sasa brashi iwekwe wapi? Maana mifuko karibu yote ina kile kitanzi cha brashi pembeni.

Na bado sijajibiwa kuhusu jasho. Mikono yangu nikipaka chaki baada ya hatua nne tano ni kama sijapaka, inakuwa uji.

---

vumbi_jeupe

Kwenye kamba brashi ikae tu pale kwenye kitanzi haina shida kubwa, ukianguka unaning'inia. Kwenye majabali iache kwenye ndoo. Nunua yenye nywele za asili au nailoni, usiguse jiwe na brashi ya waya hata siku moja, inachubua ngozi ya jiwe na hasa mawe ya mchanga, ukishaharibu kishikio hakirudi, vizazi vitakuja kukuta shimo. Na ukimaliza siku yako piga brashi vishikio ulivyotumia pamoja na alama zote ulizochora kuonyesha mguu ukae wapi. Jiwe lililojaa chaki iliyochanganyika na jasho linateleza kuliko jiwe tupu, kwa hiyo unamsaidia anayekuja na unajisaidia mwenyewe.

---

jasho_la_haki

Mkuu ngoja nikujibu mimi kuhusu jasho maana nimeteseka nalo miaka.

Kwanza elewa chaki ni nini. Hii siyo chaki ya ubaoni, ile ni jasi au chokaa, usije ukasaga ile ukatia kwenye mfuko, inateleza. Yetu ni kabonati ya magnesi, ile ile ya wacheza jimnastiki na wanyanyua vyuma. Hata kuingia kwenye miamba iliingia kupitia jimnastiki, John Gill wa Marekani alikuwa mcheza jimnastiki na miaka ya 1950 akaanza kuitumia kwenye majabali, kabla ya hapo watu walikuwa wanafuta mikono kwenye suruali. Kazi yake ni kunywa unyevu kwenye ngozi. Ikishashiba imeshiba, ndio huo uji unaousema, kuongeza nyingine juu ya uji haisaidii, lazima ufute kwanza kwenye nguo au taulo ndio upake upya. Mimi nina kitambaa kidogo nimekifunga kwenye kitanzi cha mfuko pale penye nafasi ya brashi na kilibadilisha maisha yangu ya kupanda kuliko mfuko wowote nilionunua.

Pili, anza na chaki ya maji. Ni kabonati ile ile imechanganywa na spiriti, unapaka kidogo ukiwa bado chini, unasugua mpaka nyuma ya vidole, spiriti inaruka ndani ya dakika moja inabaki tabaka nyembamba iliyoshika ngozi kweli kweli. Afu juu yake ndio unaendelea na ya unga kidogo kidogo kutoka kwenye mfuko. Kwa mtu wa jasho hii tabaka ya chini ndio msingi. Angalia tu isiwe na utomvu ndani, baadhi zina utomvu ili zinate, hizo zinaacha gundi kwenye vishikio. Na kama ngozi imepasuka itawasha vibaya.

Tatu, kimpira au unga? Kimpira ni kisoksi cha kitambaa chepesi kimejazwa chaki, unakiminya ndani ya mfuko inatoka kidogo. Uzuri wake hakimwagiki ukipinduka, jimu nyingi zinakitaka ili vumbi lisijae hewani watu wakakohoa. Ubaya wake kwa sisi wa jasho kinatoa kidogo mno na kikipata unyevu kinaziba matundu yake kinakuwa kama jiwe. Ninachofanya naweka kimpira kimoja pamoja na unga wa mabonge mabonge kiasi cha ngumi ndogo. Mabonge unayavunja kwa vidole ukiwa umepumzika kwenye kishikio kizuri, yenyewe yanatuliza na akili. Siku ya jimu inayokataza unga natoa mabonge nabaki na kimpira.

Kwa hiyo ukirudi kwenye swali lako la mfuko, mtu wa jasho anahitaji mfuko ambao kimpira kikiwemo bado kiganja kinaingia. Nenda nacho dukani ukijaribu. Watu wengi wanajaribu mfuko mtupu, wanafika nyumbani wanatia kimpira ndani wanakuta mkono haupiti.

---

sindano_na_uzi

Kuna njia ambayo hakuna aliyeitaja, ushone mwenyewe. Mimi mfuko wangu wa kwanza nilishona na bado ninao mwaka wa sita huu. Mguu mmoja wa suruali nzito ya jinzi ndio ganda la nje, ndani blanketi la manyoya lililochakaa, ukingo nilikata ukanda kutoka kwenye dumu la plastiki nikalainisha ncha kwa moto ili zisitoboe. Kitako ni duara, hapo ndipo pagumu, kata duara kubwa kidogo kuliko unavyodhani kwa sababu mshono unakula. Juu ya ukingo niliongeza kola ya kitambaa chepesi chenye kamba na kibanio, kamba ikivutwa kola inajikusanya inaziba.

Hata kama utanunua, kushona kumenifundisha pa kuangalia. Geuza mfuko ndani nje uangalie mshono unaounganisha kitambaa cha ndani na ukingo. Huo ndio unaovuja kwanza. Kama uzi umepita mara moja tu na kitambaa kinatoa nyuzi, baada ya miezi chaki itakuwa inaingia kati ya ganda na kitambaa cha ndani, inakaa huko, hutaipata tena na mfuko unakuwa mzito. Nilinunua mmoja kama huo baadaye nikiwa na haraka, nje unang'aa, ndani mshono ulifumuka mwezi wa pili. Na kabla hujalipa funga mdomo wake uvute kamba mpaka mwisho uangalie tundu linalobaki. Kama kidole gumba kinapita, na chaki itapita.

Kufua: kung'uta nje kwanza, geuza, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, usitie dawa ya kulainisha nguo maana inaacha mafuta kwenye manyoya na mafuta na chaki haviendani. Anika kivulini mpaka ukauke kabisa kabisa. Ukitia chaki kitambaa kikiwa na unyevu umeitupa hiyo chaki.

---

kidole_kimoja

Hapo kwa kola na kamba nimependa. Ongezea kwamba kibanio kiwe kinafunguka kwa mkono mmoja. Ukifika chini ya njia na umeshajifunga kamba, ukavuta mfuko haufunguki, unaanza kuhangaika na meno.

Jambo lingine kwa jiwe_la_nne kwa kuwa anatoka nje. Kabla hujapeleka chaki mahali ulizia kwanza. Siyo kila mwamba unaruhusu. Kwenye mawe ya mchanga ya Saxony kule Ujerumani chaki haitumiki, ni marufuku na wenyeji wanapanda mikono mitupu tangu zamani. Fontainebleau ya Ufaransa wao wana desturi ya zamani ya utomvu mkavu wa msonobari umefungwa kwenye kitambaa wanapiga piga kwenye jiwe na viatu, wanaita pof, lakini ule unang'arisha jiwe mpaka linateleza na wapandaji wengi wameuacha wanatumia chaki. Hakuna mwamba unaofanana na mwingine kwa hiyo heshimu walioutangulia.

---

jiwe_la_nne

Nimerudi wakuu. Jana nilikwenda na kimpira mfukoni kama alivyosema jasho_la_haki, nikavaa hanesi kabisa pale, nikasimama natazama ukuta nikaanza kuzamisha mikono. Mifuko saba. Mmoja niliokuwa nimeupenda picha yake wiki nzima, wa kijani una zipu mbili, ulifeli papo hapo, kimpira kikiwa ndani mkono unaishia kwenye vifundo. Mwingine mdomo mzuri ila una kitanzi kimoja tu nyuma na kila nikitoa mkono unageuka. Nilioondoka nao ni wa kawaida sana, mweusi, hauna hata mfuko wa pembeni, mdomo mpana, vitanzi viwili, mshono wa ndani umepita mara mbili nimeugeuza nimeuangalia mbele ya muuzaji. Kitanzi cha brashi kipo na nimefunga kitaulo.

Leo nimeurudia ule ukuta. Sikuimaliza ile njia, nilianguka mahali pengine kabisa juu zaidi, ila pale nilipopapasa siku ile mkono uliingia wenyewe na ukatoka mweupe wote, sikugeuza hata shingo. Chaki ya maji nayo nimeikubali, nilifika hatua ya tisa ndio jasho likaanza.

Ndoo bado sijanunua. Kwa sasa nimechukua chombo cha plastiki chenye mfuniko na mdomo mpana, nimekata kipande cha blanketi nikatandika ndani kinakaa chini bila shida. Vumbi_jeupe ukiona kuna ubaya niambie. Na mama_kamba ukipata muda naomba unieleze hilo fundo la mvuvi maradufu mkia ubaki urefu gani, nitalifanyia mazoezi chini na mwalimu wa jimu kabla sijatoka nalo.

---

mama_kamba

Vizuri mdogo wangu umefanya kazi nzuri. Mikia ibaki isiyopungua sentimita 7 au 8 kila upande, na kaza fundo kwa uzito wa mwili wako wote kabla hujaliamini, lisije likawa limekazwa kwa vidole tu. Piga picha ulionyeshe kwa mwalimu, na ukifika nalo nje mara ya kwanza panda na mtu aliyewahi kulitumia.

---

vumbi_jeupe

Chombo hicho hakina ubaya wowote, tena mfuniko unaziba kuliko sumaku. Ila ni kigumu, kwa hiyo kile nilichosema cha kukiweka mbali na godoro kwako wewe ni mara mbili.